Kilio Kisigeuzwe Ngoma

Hakuna taifa duniani lisilokuwa na mapumbao. Mtu aliyechoka kwa kazi hutaka wimbo, aliyeelemewa na mawazo hutaka kisa, na aliyekaa peke yake hutaka sauti ya mwenziwe. Mapumbao ni chakula cha roho kama ugali ulivyo chakula cha mwili, na mwenye kuwakataza watu kucheka ana kosa sawa na mwenye kuwakataza kula. Walakini kila chakula kina masharti yake. Unga ulioingiwa na ukungu haupikwi, hata kama walaji wana njaa. Na mpishi aliyeupika hawezi kujitetea kwa kusema kuwa sahani zilirudi tupu. Insha hii yakuita wewe, msomaji, uonje kwa makini chakula kimoja ambacho huletwa mezani petu mara nyingi: namna ubakaji unavyosimuliwa katika nyimbo, katika redio, katika sinema na katika vitabu vyetu.

Jambo lenyewe ni zito, na yamkini utajiuliza kama lafaa kuzungumzwa na wanafunzi. Jibu ni kwamba wanafunzi wamekwisha lisikia kitambo, ila si kwa walimu wao. Mtoto wa Kawangware apandaye matatu namba 46 asubuhi kwenda shule hukuta ngoma ikivuma kabla hajakaa, na picha zikimetameta juu ya kiwambo kilichotundikwa mbele ya abiria. Jioni kibanda cha video humngoja mwenye sarafu, ingawa simu za mkononi zimevinyang'anya vibanda hivyo wateja wengi. Usiku redio ya jirani hupenya ukuta wa mabati bila ya kubisha hodi. Mahali ambapo nyumba na nyumba hutengwa kwa bati moja, hakuna mapumbao ya mtu mmoja: asikilizalo kijana wa chumba hiki husikilizwa pia na nyanya, na mama, na msichana mdogo wa chumba cha pili. Kwa hiyo swali si kama vijana watasikia habari hizi. Swali ni kama watazisikia wakiwa na mizani ya kuzipimia, au watazisikia mikono mitupu.

Tena hawazisikii kama habari za nchi ya mbali. Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2022 uliona kuwa asilimia 13 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kutendewa ukatili wa kingono. Utafiti mwingine, juu ya ukatili dhidi ya watoto, ambao ripoti yake ni ya mwaka 2019, uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 habari za utoto wao; asilimia 15.6 ya wasichana na asilimia 6.4 ya wavulana walisema kuwa walipatwa na ukatili huo kabla ya kutimiza miaka 18. Hesabu hizi ni kavu zikisomwa ofisini. Zitie ndani ya gari, msomaji, upate kuziona. Kama gari limepakia wanawake 15, yamkini wawili kati yao wanalijua jambo hili kwa miili yao. Wimbo unaolifanyia mzaha unapopigwa, wawili hao wamekaa papo hapo, wamekumbatia mikoba yao, wanatazama dirishani, na nauli wamekwisha lipa.

Kabla ya kuzihukumu nyimbo, na tuyahukumu maneno, maana neno ndilo tofali na wimbo ndio nyumba. Watu wengi, kwa kuona haya, husema kuwa msichana fulani "ameharibiwa". Nia yao ni njema, lakini hebu litazame neno. Kitu kilichoharibika hutupwa au hupunguzwa bei. Msichana aliyevamiwa hakuharibika; akili yake ni ile, heshima yake ni ile, na kesho yake ni mali yake. Kiswahili cha mahakama na magazeti ya Kenya nacho hutumia neno "kunajisi" kwa kosa hili linapotendewa mtoto. Asili ya neno hilo ni najisi, yaani uchafu umzuiao mtu kusali. Basi mtoto hutoka mahakamani amepata haki yake na jina la uchafu pamoja, hali uchafu wote uko mikononi mwa mtenda. Sisemi kuwa neno hilo liondolewe leo katika vitabu vya sheria. Nasema kuwa lugha yenyewe, hata inapotetea, yaweza kumwelekezea kidole aliyeumizwa. Na msanii asiyelichunguza neno huliokota pamoja na sumu yake.

Sheria ilijaribu kuisafisha njia. Mwaka 2006 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kingono, kutokana na mswada ulioletwa na Njoki Ndung'u, aliyekuwa mbunge wa kuteuliwa, na ambaye mwaka 2011 aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Kifungu cha 42 cha sheria hiyo chasema kuwa mtu huhesabiwa kuwa ameridhia ikiwa amekubali kwa hiari yake, naye ana uhuru na uwezo wa kufanya hiari hiyo. Kifungu cha 34 chazuia mwenendo wa zamani wa mlalamikaji usifanywe hoja mahakamani pasipo ruhusa ya mahakama. Adhabu ya ubakaji ikawa kifungo kisichopungua miaka 10. Lakini sheria hiyo haikupita kwa urahisi. Katika mjadala wake mbunge mmoja alidai kuwa mwanamke wa Kiafrika akisema la, maana yake ni ndiyo. Wabunge wanawake wakatoka nje ya ukumbi kwa hasira. Dai lile lilishindwa Bungeni. Likatafuta makao mengine, nayo makao hayo ni mapumbao yetu, ambamo hakuna Spika wa kuliambia likae chini.

Chukua mfano wa kwanza. Kuanzia mwaka 2018 muziki uitwao gengetone uliinuka katika mitaa ya Nairobi kwa nguvu kubwa. Haifai kuudharau. Uliimbwa na vijana wasio na fedha wala wafadhili, kwa Sheng ya mtaani kwao, ukawapa sauti watu ambao redio kubwa hazikuwa zikiwajali. Kundi moja lililotangulia katika njia hiyo ni Ethic. Mwezi Novemba 2019 kundi hilo lilitoa wimbo ulioitwa "Tarimbo", nao ukalaumiwa kote nchini kwa kushangilia ubakaji. Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya iliukemea na kutaka uondolewe. Wimbo ukatolewa katika mtandao wa YouTube, na wanakundi wakaomba radhi.

Hebu fikiri juu ya jina lile. Tarimbo ni chuma kirefu cha kuvunjia mawe na kuchimbia mashimo. Kawangware inakijua vizuri, kwa kuwa watu wake wengi huamka alfajiri kwenda kutafuta vibarua vya mjengo katika mitaa ya jirani yenye nafasi. Chuma hicho humlisha mtu. Kugeuza chombo cha kazi ya halali kuwa fumbo la kumwumiza mwanamke ni kulikosea jasho la baba na kilio cha binti kwa neno moja. Ninyi msomao ushairi mmefundishwa kuwa sitiari huchagua upande. Ukimwita mtu simba umesema jambo juu yake. Ukimwita mwingine jiwe la kuvunjwa umesema jambo pia, nalo ni kwamba hana sauti. Hili ndilo kosa kubwa la nyimbo za aina hii kwa jicho la mhakiki. Hatuzilaumu kwa kutaja uovu. Vitabu vitukufu vya dini vimeutaja. Twazilaumu kwa kuwa ndani yake kuna mtu mmoja tu mwenye kinywa, naye ni yule anayejigamba. Mwanamke hana jina, hana neno, wala hana siku ya pili.

Watetezi wa nyimbo hizo wana hoja tatu, na si uungwana kuzipita bila kuzisikiliza. Hoja ya kwanza ni kwamba huo ni mzaha. Lakini mzaha ni mchezo wa watu wawili, na anayechezewa akilia mchezo umekwisha. Mtoto wa chekechea anaijua kanuni hii. Hoja ya pili ni kwamba sanaa ni kioo cha jamii. Kauli hii ni kweli, na kwa sababu ni kweli yawashitaki waitumiao. Kioo kikitundikwa chumbani huonyesha kila aliyemo. Kioo kinachomwonyesha mshambuliaji peke yake, na kumficha aliyeanguka sakafuni, si kioo. Ni picha aliyojichorea mshambuliaji mwenyewe. Hoja ya tatu ina uzito zaidi. Yasema kuwa wakubwa huwapigia kelele vijana wa mitaa maskini, lakini hunyamazia sinema za nje zenye maovu yayo hayo. Hapo hatuna budi kukiri kuwa wana haki, na mbele kidogo tutaziendea sinema hizo. Hata hivyo, kosa la tajiri halimsafishi maskini, na msichana aliye ndani ya matatu haumii kidogo kwa sababu mwimbaji ametoka mtaa kama wake.

Je, marufuku yatosha? Amri yaweza kuziba mdomo, lakini haiwezi kuzibua sikio. Wimbo ukipigwa marufuku, wengi ambao hawakuwa na habari nao huutafuta ili wajue kilichokatazwa. Tena mwenye amri leo akikataza wimbo wa kikatili, kesho aweza kukataza shairi linalomkosoa yeye. Bodi yafaa iwepo, hasa kwa ajili ya watoto wadogo, maana haimkini mtoto wa miaka 6 ajiamulie. Lakini dawa ya kudumu ni msikilizaji aliyeelimika, ambaye wimbo mbovu ukimfikia humkuta ameshika mizani.

Mfano wa pili ni wa redio, na wahusika wake hawakuwa vijana wa mtaani bali watu wazima wenye mishahara. Mwezi Machi 2021 kulikuwa na habari ya mwanamke kijana aliyeanguka kutoka ghorofa ya 12 ya jengo moja katikati ya Nairobi, akanusurika na majeraha makubwa. Yeye mwenyewe alisema kuwa alisukumwa na mwanamume baada ya kumkataa. Mashitaka yalikuwa mbele ya mahakama. Watangazaji wa kipindi cha asubuhi cha Homeboyz Radio waliifanya habari hiyo mapumbao ya wasafiri, wakamtwika lawama mwanamke huyo na wenziwe waendao kukutana na wanaume wasiowafahamu sana. Wasikilizaji walighadhibika. Kampuni ya East African Breweries ilisimamisha matangazo yake ya biashara. Watangazaji watatu walipoteza kazi. Na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikakisimamisha kipindi kwa miezi sita na kukitoza kituo faini ya shilingi milioni 1.

Kosa la wimbo na kosa la kipindi hiki si moja, nawe msomaji jifunze kuyatofautisha. Wimbo wa kujigamba humnyima mwanamke kinywa. Kipindi kilimpa kinywa, kisha kikamhoji kama mshitakiwa. Alikwenda kutafuta nini? Kwa nini alikubali kuonana naye? Maswali haya yana sura ya busara, na ndiyo sababu ni ya hatari kuliko matusi. Yatazame yanapoelekea: yote yaelekea kwa aliyeanguka, wala hakuna hata moja lielekealo kwa anayedaiwa kusukuma. Ukienda sokoni Kawangware ukaibiwa mkoba, jirani mwema hakuulizi kwa nini ulikuwa na mkoba. Kukubali mwaliko si kukubali yote ayatakayo mwalikaji. Na sheria ya mwaka 2006, kama tulivyoona, imekwisha sema hivyo kwa lugha isiyo na mashaka.

Hapa methali zetu nazo zafaa kuchunguzwa, maana watu wengi hulihukumu jambo hili kwa methali kabla ya kulifikiri. Msichana akiumizwa utasikia mtu akisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo ilitungwa kumwonya mkaidi. Haikutungwa kumsamehe mvunja guu. Guu la methali huvunjika kwa kuanguka shimoni, na shimo halina akili wala dhamiri. Lakini mbakaji si shimo. Ni mtu aliyeona, akafikiri, akachagua. Methali ikimfanya mtu huyo kuwa kama mvua au shimo, ambavyo havihukumiwi, imetumika mahali pasipo pake. Hekima ya wahenga ni kisu kikali: chakata mkate, na chakata pia mkono wa asiyejua kukishika.

Sasa twende kwenye sinema za nje, kama tulivyoahidi. Mwaka 1979, katika mchezo wa televisheni wa Marekani uitwao General Hospital, mwanamume aitwaye Luke alimbaka msichana aitwaye Laura. Waandishi walipoona kuwa watazamaji wanawapenda waigizaji wawili hao, waliligeuza tendo lile kuwa mwanzo wa mapenzi. Mwezi Novemba 1981 Luke na Laura walifunga ndoa mbele ya watazamaji wapatao milioni 30, na siku ile ikahesabiwa kuwa ya furaha. Waona, basi, kwamba dai la kuwa la maana yake ni ndiyo halikuzaliwa Kawangware, wala Nairobi, wala Afrika. Lilivaa suti na shela likafungishwa ndoa katika nchi yenye mali kuliko zote.

Sinema za Kihindi, ambazo watu wa Afrika Mashariki wamezipenda kwa vizazi vingi, zina sura mbili. Nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilitia tukio la kuvamiwa msichana kama mpishi atiavyo pilipili: bila tukio hilo shujaa hangekuwa na sababu ya kurusha ngumi. Msichana hupiga kelele, kaka hulipiza kisasi, na hadithi humwendea kaka. Maumivu ni ya mmoja, na hadithi ni ya mwingine. Lakini sinema za nchi ile ile zimetupa pia Damini ya mwaka 1993. Humo mke kijana aona kwa macho yake mtumishi wa nyumba akibakwa na shemeji yake mwenyewe pamoja na wenziwe. Jamaa ya mumewe, ambayo ni tajiri, yamtaka anyamaze kwa ajili ya heshima ya nyumba. Yeye akataa, aitwa mwenda wazimu, na mwisho asimama mahakamani. Sinema ile ina nyimbo na mapigano kama nyingine zote, nayo ilipendwa sana. Basi mtu asikwambie kuwa watu hawapendi ukweli, au kuwa mapumbao lazima yadanganye ndipo yauzwe.

Kuna dhambi nyingine, ya wapiga picha wa kigeni na wa kwetu pia, ambayo wakazi wa Kawangware na Kibera wana haki ya kuilalamikia. Ni ile ya kuufanya ubakaji kuwa pambo la umaskini: waonyeshe mabati, waonyeshe mtaro, kisha waonyeshe msichana anayelia, ili mtazamaji aliyeketi mbali apate kuhurumia na kulala usingizi. Picha ya namna hii husema kimya kimya kuwa uovu huu ni mazao ya mtaa, kama tope. Ukweli wautoa uongo. Mtumishi wa nyumbani aweza kuvamiwa nyuma ya lango la jumba la kifahari. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wanawake na wanaume wengi wa Kenya walibakwa, wengine na raia na wengine na watu wenye sare za serikali. Tarehe 10 Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kuwa serikali ilishindwa wajibu wake wa kuchunguza na kushitaki makosa hayo, ikawapa wanne kati ya walalamikaji fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja. Walingoja karibu miaka 13. Msanii anayetafuta kisa chenye uzito hana haja ya kuupiga picha mwili wa mtu aliyelala chini. Kisa kipo katika ile miaka 13 ya kuamka, kuvaa, na kwenda tena kuidai haki.

Baada ya kulaumu sana, haki yatutaka tusifu, kwa kuwa mhakiki asiyejua kusifu ni kama mganga anayejua sumu peke yake. Wanafunzi wa Kenya walioisoma riwaya ya Assumpta Matei, Chozi la Heri, iliyotoka mwaka 2014, watamkumbuka Kaizari. Katika machafuko ya baada ya uchaguzi nyumba yake yavamiwa, na binti zake, Lime na Mwanaheri, wabakwa naye akiwa papo hapo bila ya uwezo wa kuwaokoa. Tazama alivyofanya mwandishi. Amewapa wasichana majina. Hakulikawiza jicho letu juu ya miili yao. Ametutia katika kifua cha mzazi ambaye nguvu zake zote zimekuwa si kitu. Tena hakuliacha tukio na kukimbilia kisasi. Amewafuata watu hao katika ukimbizi, katika njaa, na katika kuanza upya. Msomaji hafungi kitabu amefurahishwa na ukatili. Afunga kitabu akijua uzito wake.

Lakini hata kitabu kizuri kisomwe macho wazi. Ndani ya riwaya iyo hiyo yumo Sauna, ambaye aliumizwa na baba yake wa kambo, kisha mama yake akamtaka afiche siri. Baadaye Sauna mwenyewe awa mwizi wa watoto. Mwandishi atufundisha kuwa jeraha lililofunikwa bila kuoshwa huoza, na fundisho hilo ni kweli. Walakini msomaji wa pupa aweza kuhitimisha kuwa kila aliyeumizwa lazima ageuke mwovu, na huo ni uongo mchungu kwa wale wengi walioumizwa wakawa walimu, wauguzi na mama wema. Kadhalika katika Blossoms of the Savannah, riwaya ya Henry ole Kulet ya mwaka 2008, Resian anapovamiwa na Olarinkoi humng'ata kidole gumba kwa nguvu hata akajiokoa. Twamshangilia, na yastahili. Ila tusiifanye ng'ato ile kuwa kodi ya kudaiwa kila msichana. Hofu huweza kuuganda mwili wa mtu hodari kama baridi igandishavyo mafuta, na sheria haiulizi kama alipigana. Yauliza kama aliridhia.

Kutokana na mifano hii twaweza sasa kutengeneza mizani. Ukisikia wimbo, au ukitazama sinema, au ukisoma kisa chenye jambo hili, uliza maswali manne. La kwanza: nani ana kinywa? Kama ni mtenda peke yake, jihadhari. La pili: jicho limewekwa wapi? Kama linazurura juu ya mwili wa aliyeumizwa kana kwamba ni karamu, huo si ushahidi wa uovu bali ni mwendelezo wake. La tatu: kicheko kinamwangukia nani? Kejeli inayomcheka mbakaji na wanaomficha ni silaha njema. Kejeli inayomcheka aliyeumizwa ni kofi la pili. La nne: je, kuna kesho? Kisa cha kweli hujua kuwa baada ya usiku ule kuna hospitali, kuna kituo cha polisi, kuna shule ya kurudi, kuna rafiki wa kuambiwa au wa kufichwa. Kisa kisicho na kesho kimemtumia mtu kama kiberiti: kimewasha moto wake, kimekitupa kijiti.

Maswali haya yawahusu wavulana sawasawa na wasichana. Tuliona kuwa nao huumizwa, lakini katika mapumbao yetu mvulana aliyevamiwa huonekana kwa nadra, na mara nyingi huonekana ili achekwe. Michezo ya vichekesho hupenda sana utani wa gerezani. Kwa utani huo mvulana hufundishwa mambo mawili: kwamba mwanamume hawezi kuumizwa, na kwamba akiumizwa anyamaze. Masomo yote mawili ni ya uongo, na la pili limewaziba vinywa wengi.

Pengine wewe usomaye haya ndiwe utakayeandika mchezo wa shule yenu kwa tamasha la drama mwaka ujao, nawe utatamani kuwatikisa waamuzi kwa tukio la kutisha jukwaani. Jizuie. Wagiriki wa kale, waliokuwa mabwana wa misiba ya jukwaani, kwa kawaida waliyaweka matendo ya damu nyuma ya pazia, akaingia mjumbe kuyasimulia. Na hadhira ilitetemeka zaidi, si pungufu. Mwonyeshe dada anayeosha sare mara tatu kwa siku moja. Mwonyeshe mama anayehesabu fedha alizoletewa na jamaa ya mtenda ili kesi iishe nyumbani. Mwonyeshe mwanafunzi anayetoka katika gari kabla ya kituo chake kwa sababu ya wimbo. Na yule mwenzako anayeigiza aliyeumizwa, mwulize kwanza kama yuko tayari, kwa kuwa hujui aliyoyapitia. Hiari unayoitetea katika mchezo ianze katika mazoezi ya mchezo.

Hatimaye, msomaji, sanaa ni kubwa lakini si yote. Ikiwa wewe au mwenzako amepatwa, usingoje hadithi imalizike vizuri yenyewe. Hospitali hutoa dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi ambazo zapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayotangulia ina faida. Nchini Kenya simu ya 116 ni ya watoto, na ya 1195 ni ya wote walioumizwa, nazo hazitozwi fedha. Mwambie mtu mzima unayemwamini. Akikupuuza, mwambie mwingine. Na wewe uliyesalimika una kazi yako. Wenzako wakiucheka wimbo wa namna ile, si lazima utoe hotuba. Yatosha usicheke, na ukiulizwa sababu, uitaje kwa utulivu. Kicheko hutaka wenzi kama moto utakavyo kuni. Kila anayeondoa ukuni wake apunguza moto, na anayekaa karibu yako, ambaye hukujua kuwa unamwunguza, ataweza kupumua.